Matone Arobaini na Mawili

Wiki tatu nilisema na miraba myeusi.
Thelathini na mmoja, kila mraba na jina lake:
Shaame wa Konde, Mize wa Kengeja,
Asaa, Hidaya, Mwanakombo wa Mkoani,
wauguzi wa vituo, wengine wamenipita miaka kazini.
Mimi Wete, chumba cha uani, feni limesimama,
nasoma kurasa moja moja
kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe.
— Mmefahamu?
Kimya.
Kisha vidole gumba vya manjano vinapanda skrini,
kimoja, kumi, ishirini na tisa.
Vidole havikosi adabu.

Mtihani wa kwanza ukanionyesha walichofahamu.
Dripu ya nusu lita, muda wa saa nne:
mmoja aliandika matone mia nne kwa dakika.
Nikafunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo,
na bomba la jikoni, lile bovu, likanisomesha:
to.
to.
to.

Jumatatu sikufungua kurasa.
Niliwaambia: inukeni.
Leteni chupa tupu ya maji, sindano ya kushonea, bakuli.
Toboeni chini, jazeni, tundikeni panapotundikika.
Ukikaza kifuniko, tone hukawia; ukilegeza, hukimbia.
Nataka arobaini na mawili kwa dakika,
na vipaza sauti viwe wazi.

Haikuwa rahisi, nisikudanganye.
Hidaya aliona haya: mkwewe yuko barazani,
atasema mke wa mwanangu anachezea maji.
Asaa alisema amelipia kozi ili asomeshwe,
si kutumwa kama mtoto wa chuoni.
Bando la Mwanakombo lilikwisha chupa haijajaa.
Mmoja alitoka bila kuaga.
Na mimi, moyo ukinidunda, nikanyamaza,
kazi ambayo hakuna aliyenifundisha.

Ndipo nikasikia.
Konde inadondoka. Kengeja inadondoka.
Micheweni, kwenye sufuria, inagonga kama msumari mdogo.
Kuku wa mtu, mtoto analia, tone, tone,
na watu wazima wanahesabu kwa mnong'ono.
Wahenga walisema haba na haba.
Hawakusema haba ngapi, kwa dakika ngapi,
na huyo mgonjwa figo zake zikoje.

— Mia na kumi, akasema Shaame, akacheka peke yake.
Mwalimu, huyu wangu nshamzamisha.
Nikafungua mdomo nimsahihishe
na umeme ukakatika Wete nzima.

Dakika kumi na saba.
Niliporudi, nilirudi kwa simu ya mwanangu,
mraba mweusi, jina lisilojulikana.
Hakuna aliyenitambua.
Mize alikuwa akimwuliza Shaame:
— Saa nne ni dakika ngapi? Usikisie.
— Mia mbili na arobaini.
— Nusu lita, kila mililita matone ishirini?
— Elfu kumi.
— Basi gawa. Halafu kaza kifuniko, usikilize.
Na Asaa, yuleyule, akadakia:
— Sivyo. Mwache asikilize kwanza, hesabu ije nyuma.
Mimi ndivyo ilivyoniingia.
Wakabishana. Ee, walivyobishana!
Hidaya naye akacheka kwa sauti,
mkwe wake, nilimsikia, akiuliza: ngapi sasa?
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusema.
Nikakiondoa.

Usiku, baada ya isha, simu ikalia:
Mwanakombo, kwa maandishi, yale yasiyotaka bando.
"Nimepata 38. Nimekosea wapi?"
Nikaandika jibu refu, lenye mistari na mishale.
Nikalifuta.
"Chupa bado imetundikwa?"
"Ipo."
"Hesabu tena. Kisha uniambie wewe."